Kilo Tatu Nilizomwongezea Ivy

Kisian,
S.L.P. 318,
Kisumu.
14 Agosti 2025

Mpendwa binti yangu Becky,

Pokea salamu zangu kutoka Kisian. Habari za Doha? Joto limepungua? Na ule mgongo wako je? Mimi ni mzima, ila magoti yananikumbusha umri. Ivy wetu ni mzima pia na koo lake limepona. Nimetanguliza hilo ili usome yaliyobaki bila hofu.

Barua hii anakuletea Waithira, binti wa jirani yetu Mzee Kangethe, anayerudi kazini huko. Ningeweza kupiga simu, lakini neno hili nimelikwepa mara tano kwenye simu.

Unakumbuka jinsi mafindofindo yalivyomsumbua mtoto, akikoroma na kukataa chakula. Kila mwezi ulipouliza amefika kilo ngapi, nilikuongezea nusu kilo. Kwenye kadi ya kliniki uzito haukuongezeka. Ulikuwa umesema akikonda utampeleka Webuye kwa dada yako Nabututu. Nikaitazama nyumba hii ilivyo tangu mama yako atuache, nikaogopa kubaki na redio na vitabu.

Siku ya kulazwa ili akatwe mafindofindo, mizani ya wodi ilikuwa haifanyi kazi, nesi Kageha akaniuliza uzito. Nawe ulikuwa kwenye simu, ukisikiliza. Nikasema kumi na nne. Akaandika.

Asubuhi yake alikuja Daktari Ondiek, daktari wa nusukaputi, kunieleza kazi yake. Mtoto akishalala, hupewa dawa ya kulegeza misuli ili mrija wa hewa upite kooni bila kumuumiza. Dawa hiyo hulegeza hata misuli ya kupumua, hivyo mashine humpumulia mpaka nguvu zirudi. Watoto wadogo si sawa na watu wazima, wala wao kwa wao hawafanani. Mmoja huamka upesi, mwingine hukawia. Kwa hiyo kipimo hukokotolewa kwa kila kilo ya mwili. Aliyasema hayo akiangalia ile karatasi yenye kumi na nne.

Becky, nilikaa miaka ishirini na miwili kwenye mizani ya miwa Muhoroni. Vita vya ardhi vilipotufukuza kule mlimani, sikubaki na shamba wala ng'ombe. Nilijijengea jina la mtu asiyeongeza kilo. Madereva wa malori walinibembeleza niongeze, wengine wakanitukana. Sikuongeza. Nikaja kumwongezea mjukuu wangu.

"Daktari," nikasema, "mpimeni tena. Nilidanganya."

Mizani ikaletwa kutoka kliniki ya watoto, Ivy akapimwa. Kageha alipojua kazi yangu ya zamani alicheka: "Ai, Mzee! Malori yote hayo, na haka katoto ndiko kamekushinda?"

Daktari hakucheka. "Kwa lori, kilo tatu si kitu, Mzee. Kwa huyu ni zaidi ya robo ya mwili wake."

Kilo kumi na moja. Akapiga mstari juu ya hesabu zote, akaanza upya mbele ya macho yangu.

Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Wengine walikuwa na mashangazi, majirani na chupa za chai. Mimi nilikuwa na viatu vya Ivy mapajani. Mlango ulipofunguliwa nikamsikia akilia kwa sauti ya kukwaruza, nami nikalia naye.

Sasa anakula, hata ugali kwa samaki. Ukiamua aende kwa Nabututu, nitamfungia nguo kwa mikono yangu na sitabisha. Nataka tu uamue kwa namba za kweli.

Mzee Kangethe anakusalimu, na Owiti wa duka la dawa anauliza utarudi lini. Nisalimie wenzako unaokaa nao. Mungu akulinde mchana kazini, na usiku akupe usingizi usio na mawazo.

Ni mimi baba yako akupendaye,
Wekesa Wakhisi

Leo tumetoka kliniki. Namba iliyo hapa chini si mwandiko wangu. Nimemwomba nesi aiandike mwenyewe.

Kilo 11.4