Kimani, Daktari Hakusema Nimepona

Kimani, ndugu yangu,

Mvua imenyesha hapa kwetu Bahati wiki nzima, na Mama ameanza tena. Ikikatika tu, anavaa gambuti zako na kuzunguka boma akimwaga maji: kwenye karai, kwenye beseni, kwenye bakuli la mbwa, hata kwenye kifuniko cha ndoo. Hawezi kuona maji yamesimama. Lile pipa lililokatwa nusu, tulilonyweshea ng'ombe, ambamo tulikukuta umelala kifudifudi, alimpa mtu wa vyuma kuukuu kabla hata hatujakuzika. Siku hizi ng'ombe anakunywa kwa ndoo, mtu akiwa amesimama karibu.

Mimi nami si mzima sana. Kitu kikianguka nyumbani, hata mwiko, nakimbia. Juzi kazini, pale duka la agroveti, gunia la chakula cha kuku liliporomoka nikaita "Kimani!" mbele ya wateja. Mmoja wao akaniambia pole. Si unajua hapa kila mtu anajua.

Nakuandikia kwa sababu nimefika pale ulipokuwa umefika. Ni mwaka wa tatu huu sijashikwa na kifafa. Ule ugonjwa uliotupata sote wawili tukiwa shule ya msingi umeniachilia, kama ulivyokuachilia wewe. Na akina mama wa kanisa wameanza kuzungumza juu ya ibada ya shukrani. Mama aliwasikia, akatoka kwenda kumwaga maji.

Unaikumbuka yako? Mbuzi, hema, na wewe na viatu vipya vinavyokubana, unatembea kama bwana harusi. Ulisimama mbele ukasema umepona, kanisa likalipuka kwa vigelegele. Baada ya hapo ungeonekanaje kliniki? Watu tunaopanga nao foleni ya dawa ndio hao hao tunaokaa nao benchi moja Jumapili. "Wambui, wakiniona huko na kadi, watasema nilimsingizia Mungu," uliniambia. Kisha ukanihakikishia kwamba sasa unachukua dawa zako mjini, mbali na macho ya watu. Kumbe uliziacha zote siku moja. Nina hasira na wewe, Kimani. Nakupenda, nakulilia, na bado nina hasira.

Basi nilienda Nakuru kwa daktari nikamuuliza bila kuzunguka: nimepona, ama ugonjwa umetulizwa tu? Nilitaka sana aseme nimepona. Nilikuwa hata nimevaa ile sketi yangu ya harusi za watu. Akaniambia dawa haiung'oi ugonjwa huu, inauzuia. Lakini wako watu ambao, wakikaa miaka bila kushikwa, hupunguziwa dawa kidogo kidogo mpaka wanaacha, na haurudi tena. Wengine huwarudia. "Siwezi kukuahidi wewe uko upande gani," akasema. "Tukijaribu, tutajaribu pamoja, pole pole. Kuacha ghafla ndiko kunakoua watu."

Nililia pale pale, akadhani nalilia nafsi yangu. Kumbe hukukosea kutamani! Ungeuliza tu. Pengine wangekupunguzia, pengine wangekukatalia ukarudi nyumbani ukinuna, lakini ungekuwa hapa, ukinuna. Ungenuna hata miaka kumi, ningekuvumilia.

Nilimwambia daktari tungoje kwanza. Sijui kama ni akili yangu iliyojibu au ni wewe. Nikiinua kikombe cha maji nimeze tembe, nakuona ndani yake, na siku nyingine nazimeza kavu.

Jumapili iliyopita nilikubali kusimama mbele. Bila mbuzi, bila hema. Nikasema namshukuru Mungu, sijashikwa na kifafa muda mrefu sasa, na ninameza dawa asubuhi na jioni. Pasta alikuwa ameshainua mkono, anangoja neno lile lako, "nimepona". Sikulisema. Kanisa zima likatulia, hata watoto, nami nikafikiri nimeharibu mambo. Halafu nikasikia Amina moja, ndogo, ya mtu aliyekohoa kwanza. Ilikuwa ya Mama. Tangu tukuzike alikuwa hajalitamka neno hilo, hata mbele ya chakula.

Lala sasa, ndugu yangu. Sitakudanganya, bado natamani kuishi bila hizi tembe. Siku ya kujaribu ikifika, daktari atajua, Mama atajua, na kanisa likitaka kujua litajua. Sitafanya peke yangu wala kwa siri. Hiyo nakuahidi. Na nikianguka, Kimani, kutakuwa na mtu karibu wa kunigeuza.

Dadako,
Wambui