Antena ya Baba Haina Maji

Mdogo wangu Hamza,

Salamu nimezibana kwanza, maana nikianza kukuuliza hali nitajikuta nakuonea huruma, na leo sitaki. Simu zangu unakata. Meseji unasoma halafu kimya. Basi nakuandikia hadharani, wasome na wasiokujua. Huenda mmoja wao anakaa Kibaha jirani na wewe, akugongee mlango.

Nina hasira na wewe. Nimeshuka paani sasa hivi, mikono inanuka grisi na kidole kimechanwa na waya. Nilipanda kufungua antena ya redio ya upepo ya Baba, ile ya kuitana na kujibizana, kwa sababu yako, na si mara ya kwanza.

Unakumbuka siku tulipoisimamisha? Baba alikuwa bado anaendesha lori la mizigo njia ya Masasi, na redio yenyewe aliinunua kwa dereva mwenzake. Mama alipoiona ile fimbo ndefu ya alumini ikipandishwa ngazi za nyumba yetu hapa Mchafukoge, alisema, "Radi ikipiga, mtajua wenyewe pa kulala. Mimi narudi kwetu Lindi." Wewe ulishika mlingoti, mimi nikavuta waya za pembeni, Baba akafumba jicho moja kuangalia kama umesimama wima. Jioni ile sauti ya Mzee Kitwana, rafiki yake wa Mlandizi, iliingia sebuleni kwetu safi kabisa, nawe ukanikumbatia mpaka ukaniangusha kwenye kochi. Nilikupenda sana siku ile.

Halafu Baba akatufundisha kuifunga isiingie maji, kwa sababu maji yakiingia kwenye kebo sauti inapotea. Grisi kidogo kwenye nati, maana hewa ya chumvi ya mji huu inakula chuma. Kisha kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, unauvuta mpaka unakuwa mwembamba, unauzungusha kwenye maungio kuanzia chini kwenda juu, mzunguko wa juu ulalie wa chini kama unavyopanga bati. Juu yake tepu nyeusi, na mzunguko wa mwisho hauuvuti, la sivyo jua litaubandua. Kebo nayo unaiachia ining'inie kidogo chini ya dirisha, maji yadondokee nje yasitembee hadi kwenye redio.

Wewe ulichoka hata kabla hajamaliza. "Baba, mambo ya kizamani hayo," ukasema, ukashuka Kariakoo, ukarudi na tyubu ya silikoni ambayo muuzaji alikuambia ndiyo habari ya mjini. Ilikuwa inanuka siki, kumbe siki hiyo inakula waya. Ukaipaka juu ya shaba tupu, na masika yalipokwisha shaba ilikuwa ya kijani, inamomonyoka ukiigusa. Baba hakukufokea. Alikata kile kipande kilichooza, akafunga upya, na Mama alipouliza akasema muuzaji ndiye aliyekutapeli. Ndivyo alivyo kwako tangu zamani, kosa lako lazima alitafutie mwenyewe mwingine.

Isipokuwa mara moja. Siku ya arobaini ya Mama alikuambia mbele ya watu kwamba ulifika mazikoni udongo umeshakauka. Nilikuwepo, nilisikia, na naandika hapa wazi kwamba alikukosea. Ulikuwa umekwama njiani na gari bovu, na yeye alijua. Mtu aliyefiwa na mkewe anaropoka. Ungelia, ungemjibu, ungenijia mimi jikoni tukamsema pamoja. Wewe ulichukua viatu vyako mlangoni ukaondoka, na mpaka leo hujarudi.

Nikamwambia Baba akupigie. Akakataa. "Simu ataikata," akasema. "Kwenye redio mtu hakukatizi. Nikishika kitufe mimi, yeye anasikiliza mpaka nimalize. Lile neno nililonalo linataka nimalize."

Anataka kukuomba radhi, Hamza. Baba yetu, ambaye sijawahi kumsikia akimwomba mtu yeyote radhi, anajiandaa. Ana maneno yake, nayasikia anayasema chini kwa chini akinyoa ndevu. Na kifua chake sasa kinambana, akipanda ngazi anapumzika kila ghorofa, sasa sijui anayo masika mangapi ya kukusubiri.

Redio yako mwenyewe unayo, ulihama nayo, na antena yako iko juu ya paa lako, nimeiona kwa macho yangu nilipopita kwenda Morogoro. Ahadi mliiweka wenyewe, wewe na Baba, ulipohamia huko, kila Jumapili baada ya alasiri, na mliitimiza mpaka ile arobaini. Baba bado anaitimiza peke yake. Anavaa kanzu safi, anakaa, anaita, "Hamza, Hamza, Baba anakuita, ova." Anaachia kitufe, anasubiri. Anaita tena. Kisha ananigeukia mimi. "Maji yameingia," anasema. "Panda, Zuhura, ukaangalie."

Ile siku moja uliyopokea simu yangu, wewe nawe ukaniambia vilevile. "Dada, hiyo antena yenu imechoka, mimi sipati kitu." Nikakuamini. Nikanunua tepu mpya, nikapanda, nikafungua kila ungio, nikafunga upya kama tulivyofundishwa. Jumapili iliyofuata ukawa kimya. Nikapanda tena. Nimeacha kufua, nimeacha biashara, nimepandia ngazi ya jirani ambayo kidato kimoja kimelegea, mimi mtu mzima mwenye wajukuu, wapangaji wa ghorofa la mbele wakinichungulia madirishani. Kila nikifungua nakuta shaba inang'aa. Kavu, Hamza. Hakuna tone.

Nikaamua kujua ukweli. Baba akiwa msikitini, nilishika kitufe mwenyewe nikamwita Mzee Kitwana. Akajibu hapohapo. "Nakupata safi, mwanangu, kama upo hapa barazani kwangu. Mzee hajambo?" Mlandizi iko mbele ya Kibaha. Sauti ya Baba inapita juu ya paa lako, inafika kwa mtu asiye hata ndugu, na huyo anaitikia. Kisha Mzee Kitwana akasema taratibu, "Na kijana wenu huwa namsikia akiongea na madereva. Nilidhani mmeshapatana."

Niliachia kitufe bila hata kumuaga. Kumbe unawasha. Unaongea na madereva usiowajua, na Baba akianza kuita jina lako, unazima au unakaa kumsikiliza anavyohangaika. Sijui lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi. Yote mawili yananitia uchungu.

Leo Jumapili ameita tena, sauti imemkatikia katikati akakohoa, akaita upya. Kisha akanituma juu. Nilipanda nikiwa nimeapa moyoni kwamba nikishuka namwambia kila kitu, na ikibidi naing'oa ile fimbo naiuza chuma chakavu. Nikafungua ungio. Kavu. Nikafunga, kuanzia chini kwenda juu. Nikashuka.

Alikuwa amesimama mlangoni ananisubiri, ameshika ukuta.

"Umekuta maji?"

Niliitazama ile kanzu yake safi, nikamtazama usoni.

"Yapo, Baba," nikasema. "Mengi. Nimeyafuta."

Akashusha pumzi, akatabasamu kama mtu aliyeletewa habari za mgonjwa wake kwamba amepona. "Si nilikuambia? Mtoto wangu hawezi kuninyamazia hivihivi." Akarudi kwenye kiti, akajaribu kukuita mara moja zaidi.

Umenifanya nimdanganye mzee wetu, na Jumapili ijayo atanituma tena, nami nitapanda, nitarudi na uongo uleule. Washa redio, Hamza. Huna haja ya kusema kitu, mwache tu amalize.

Ni mimi dada yako, mwenye hasira na wewe,
Zuhura