Mto wa Shangazi Satwant

Ludhiana,
Januari

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Huku tu wazima, ila baridi inatutafuna na nguo hazikauki. Goti la Baba linaendeleaje? Mwambie umri wa kupanda juu ya paa kurusha tiara umempita.

Mama, nina neno na wewe. Wakati wa posa uliwaambia wakwe zangu kwamba hakuna chakula kinachonishinda. Hukuwaambia kwamba bhatura tulikuwa tunanunua kwa muuzaji wa pale kona. Shangazi Satwant, dada yake baba mkwe, hajasahau maneno yako. Mwezi uliopita alionja bhatura zangu, akaniuliza mbele ya watu kama ni mikate ya kukaanga au soli za viatu. Akasema atarudi Jumapili kuzionja tena, na zisipofura ataueleza ukoo mzima kwamba mama yangu ni mwongo. Mama mkwe aliendelea kula tu. Unajua tangu niolewe ananiita mke wa Harpinder, kama vile sina jina.

Basi Jumapili alfajiri nikakanda unga kwa mtindi, nikafunika sufuria, nikaizungushia blanketi zito la pamba na kuiweka kitandani, kama wanavyofanya huku wakati wa baridi ili unga uumuke. Saa nne nikachungulia. Unga umelala vilevile nilivyouacha. Nilitamani kulia.

Shangazi akafika sijapata la kufanya. Nilipoleta chai nikamkuta amepanda kitandani, ameegemeza mgongo wake wote kwenye lile blanketi akidhani ni mto. Na mwili wake unaujua. Akaniambia mto wetu ni mgumu, lakini unamfaa kiuno. Akakaa hapo mpaka adhuhuri akiwasema wakamwana wa mtaa mzima, na mimi nikawa wa mwisho. Dengu zimeiva, karai liko motoni, na unga uko mgongoni kwa mgeni. Ningemwambiaje asogee?

Mama mkwe ndiye aliyemwita akaote jua uani. Nikarukia sufuria. Mama, unga ulikuwa umeinua kifuniko. Bhatura ya kwanza ilipogusa mafuta ilifura kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Shangazi akala, akala tena, kisha akasema labda mama yangu alisema kweli kidogo.

Sasa sikia. Wakati wa kuosha vyombo nilimnong'oneza mama mkwe yaliyotokea kitandani. Hakushangaa. Akasema yeye ndiye aliyemkalisha pale. Alikuwa ameugusa unga wangu asubuhi akaona umelala, na ndani ya nyumba hii hakuna jiko lenye joto kumzidi wifi yake. Mwaka wake wa kwanza wa ndoa, naye aliambiwa anapika soli za viatu, na huyo huyo.

"Gurleen, mwanangu," akaniambia, "wewe nyamaza tu. Miaka yote hii nangoja afanye kazi hata moja humu ndani."

Nilicheka mpaka nikalia, Mama. Alinitaja jina.

Shangazi ametaka nikawapikie wageni wake mwezi ujao, nyumbani kwake. Mama mkwe amekubali, ila amesema tutakwenda na mto wetu.

Nisalimie wote hapo, na umkande Baba goti kwa mafuta ya haradali. Barua hii usiisome kwa sauti.

Binti yako akupendaye,
Gurleen