Jina Lililotoroka Simuni Mwangu

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, ile isiyo na radi wala haraka, na mie mwili wote mzito kama gunia la karafuu mbichi.

Nimechoka. Si kuchoka kwa kazi, maana kazi hainiwezi. Vijana wa hapa Tibirinzi wanajua niliwahi kulitoa gari bondeni kwa kamba na meno. Nimechoka na simu.

Nianze na sifa, kwani sifa ni zangu. Hapa Pemba hakuna simu iliyojaa watu kama yangu. Skuli niliishia darasa la saba, la nane nililisikia kengele yake tu, lakini mtu akitaka kumpata mtu, kuanzia Wete hadi Mkoani, anakuja kwangu. Siku ile meli ilipochelewa, nahodha alinipigia mie kwanza, bandari baadaye. Anayebisha akamuulize.

Sasa shida ya kisiwa chetu ni majina. Hamad ni wengi kuliko minazi. Kuna Hamad Ali, Ali Hamad, Hamad Ali Hamad. Ukiwaandika hivyo simuni, siku unataka mchinjaji utampigia mchimba makaburi. Kwa hiyo kila mtu nilimpa alama yake. Juma Fundi Kesho. Bi Mize Redio. Khamis Anakuja, ambaye hajawahi kufika. Alama ya kumjua mtu tu, yakhe, si tusi. Tena zangu mwenyewe, ndani ya simu yangu, ndani ya mfuko wa kanzu yangu.

Ndivyo nilivyodhani.

Mwezi uliopita nilitia aplikesheni moja inayokwambia nani anakupigia kabla hujapokea. Ikaniomba ruhusa ya kuona majina niliyoyahifadhi. Hapa petu mtu akibisha hodi humwambii asubiri ufikirie. Unasema karibu, kisha ndiyo unauliza ni nani. Nikabonyeza Ruhusu. Ikaomba jengine, nikaruhusu. Na jengine. Nilijiona muungwana.

Siku hizo hizo nilikuwa na safari ya heshima. Seif, mtoto wa dada yangu, kamtaka Asya wa Gando, na posa nikaipeleka mie. (Majina ya humu nimeyageuza yote. Nimejifunza, mtaona.) Posa ya mkono wangu haijawahi kurudi. Niliwahi kumposea mtu ambaye mwenyewe alikuwa hataki kuoa, na akaoa. Babake Asya, Mzee Hamad, alinipokea vizuri, haluwa na kahawa, akasema watakaa wazungumze, jibu litakuja.

Jibu halikuja. Jumatatu ikaja simu.

Mzee Hamad alikuwa kampigia kijana wa tiketi za boti kule Mkoani, amwekee nafasi ya kwenda Unguja. Kijana akapokea kwa adabu zote: "Naam, Mzee Pilau Kavu, nikusaidie nini?" Mtoto wa watu hana kosa. Kioo cha simu yake ndicho kilichomwandikia hivyo, naye akadhani ni jina la ukoo.

Kwa wasiojua: Mzee Hamad alipomuoza binti yake mkubwa, nyama iliisha kabla wageni hawajaisha. Masinia ya mwisho yalitoka na wali na viazi tu. Nilikuwepo. Kisa hicho nimekisimulia barazani mpaka kikaota miguu. Siku nyengine nasema hata viazi vilikuwa vya kuazima. Na simuni nikamwandika hivyo, nimtenge na akina Hamad wengine.

Alinipigia mie, maana kisa kile hakina msimulizi mwengine, akasalimu, akauliza hali za nyumbani, yote kwa utaratibu wake. Kisha akasema, "Salum, mie kwako nani?"

Nikajaribu. Nikamwambia ni mitambo, ni mvua, ni setilaiti imepita chini mno. Nikasema hata mie juzi simu ya mtu iliniita Fatma. Mwisho akaniaga kwa heshima, na maisha yangu yote uongo wangu haujawahi kukataliwa kwa adabu namna ile.

Aliyenieleza ni Seif, maana mambo haya anayajua; hata ukurasa huu alinifungulia yeye. Nilipobonyeza Ruhusu, majina yote ya simu yangu yalichotwa yakatiwa kwenye ghala la wenye aplikesheni. Sasa kila mwenye aplikesheni ile akipigiwa na mtu wangu, anamwona kwa jina nililompa mie. Alinieleza polepole, kama anayemfundisha mgonjwa kula. Kisha akasema, "Mjomba, umeniposea mke kwa mtu unayemwita hivyo?"

Nikamuuliza majina yanafutwaje.

Na nyumbani nako moto. Mke wangu, kwa stara, sikutaka jina lake litokeze wakati simu iko juu ya meza ya kahawa mbele ya wanaume, kwa hiyo nilimwandika Fundi Mfereji. Juzi kampigia muuza vitenge wa Chake. Huyo kaona fundi kwenye kioo chake, kampa namba jirani yake, na tangu hapo wanaume asiowajua wanampigia kumuuliza atakuja saa ngapi kuziba bomba. Nilitaka asijulikane, nikamtafutia kazi mji mzima. Wao anawajibu. Mie hasemi nami.

Jana nimeshinda nayafuta majina, moja moja. Seif aliniacha mpaka nimalize, ndipo akaniambia kwamba kufuta kwangu hakufuti kwao. Kila mwenye namba aende mwenyewe kwa wenye aplikesheni, aandike namba yake, asubiri tarakimu za siri, athibitishe kuwa ndiye, halafu watamwondoa. Yaani ili wamsahau, kwanza ajitambulishe. Na Mzee Hamad simu yake ni kitochi, haina intaneti.

Nikamwambia Seif anitafute na mie humo kwenye aplikesheni, nione. Hakutaka. Nikaichukua simu mkononi mwake nikaandika namba yangu mwenyewe. Nilitarajia Mheshimiwa, au angalau Salum wa Watu.

Salum Usipokee.

Sijui nani kaniandika hivyo. Labda mmoja, labda wengi. Labda ndiyo maana Khamis Anakuja haji.

Nilikuwa nimekusudia kumpigia Mzee Hamad nimwombe radhi. Baada ya kuona vile sikuthubutu. Simu inatangulia kukutaja. Mlangoni angalau unafika na uso wako.

Basi leo nimekwenda Gando na mvua yake. Alinikaribisha ndani, akanipa kahawa. Haluwa hapana. Nikamweleza yote bila kuongeza kitu, na nikagundua kuwa kisa kisichoongezwa kitu huisha upesi sana.

Mzee Hamad aliweka kikombe chini. "Nimebakiwa na binti mmoja," akasema. "Sasa nikimuoza yeye, watu hawatakuja kula. Watakuja kupima nyama."

Nikasema nitawaambia watu. Akaniuliza kwa simu ipi.

Kisha akasema, "Jibu la posa nitampa babake kijana. Wewe hulipati. Wewe una kazi ya kwenda kualika."

Kualika kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, kama walivyokuwa wakialika wazee, upande wake wa Gando na upande wetu wa Tibirinzi. Simu marufuku. Na kila mlango nitakaobisha hodi niseme kuwa nimetumwa na Mzee Hamad Faki Makame wa Gando, anawaalika kwenye harusi ya binti yake. Jina lake, la baba, la babu. Nikiruka moja, akasema, nirudie kuanzia nyumba ya mwanzo. Hakucheka.

Nilikuwa nishafika njia kuu, kanzu imeniganda mwilini, ndipo nikaelewa kuwa mtu haaliki harusi isiyokuwepo. Posa imekubaliwa. Nilipofika nyumbani mke wangu alithibitisha mlangoni. Dada yangu kashampigia. "Seif kapata mke," akasema, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu juzi. Mtaa mzima umejua, na mshenga kajua wa mwisho.

Nimefurahi kwa ajili ya kijana. Nimefurahi kwa uchovu, kama mtu anayecheka na jino linamuuma.

Majina yale hayarudi. Huko yalikokwenda, Mzee Hamad ataendelea kuwa Pilau Kavu kwa watu asiowajua, na mkono wangu haufiki huko, ingawa ni mrefu. Nilicho nacho ni mdomo, na magoti mabovu, na Tibirinzi nyumba zake zilivyo nyingi.

Nimelijaribu hapa peke yangu kwa sauti. Hamad Faki Makame. Halina chumvi hata kidogo.

Kukicha, inyeshe isinyeshe, naanza na jirani wa mkono wa kulia. Nitabisha hodi, nitalitaja jina lote mpaka babu. Kinachoninyima usingizi ni kimoja tu: akiniuliza, "Hamad yupi huyo?", nitamjibu nini?