Viazi vya Mfukoni

Igowole

Mjukuu wangu Neema,

Huku tu wazima. Babu yako kikohozi kimemwacha, ameanza tena kugombana na mbuzi wake.

Umeniuliza kwa nini kila nikikupigia simu nataka kujua kwanza kama umekunywa chai.

Miaka ile ya hamsini, asubuhi za baridi, mama alikuwa akinitia mfukoni viazi vya moto vilivyochomwa kwenye majivu. Vilikuwa vya kupasha mikono njiani kwenda shule, na wenzangu nao walikuwa na vyao. Kuvila ni mchana. Darasani nilijulikana kuwa mzito wa hesabu.

Siku moja njaa ilinishinda, nikavila vyote kabla ya kengele. Asubuhi hiyo nilipata kila hesabu. Mwalimu wetu, mtu mkali, akadhani nimeangalizia. Akanipeleka ubaoni, nikapata tena.

"Nani amekufundisha?"

"Nimekula viazi, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Akaamuru kila mtu atoe viazi vyake ale. Kisha akainama, akaniambia polepole, "Kesho niletee na mimi kimoja."

Nilimpelekea viwili. Siku hiyo fimbo yake ilishinda imetundikwa ukutani.

Haya, kanywe chai.

Bibi yako