Blogu Yangu Ina Kuku, Banda Langu Halina

Mama Albertine mpendwa,

Naomba unisaidie na usinicheke, maana mtu aliyeweza kunicheka bila kuniumiza alikuwa mume wangu, naye alifariki miaka minne iliyopita. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, naishi hapa Lubumbashi upande wa Karavia, kwenye nyumba aliyoniachia, na wewe unanijua ingawa hujaniona, kwa sababu mwezi wa kwanza uliandika katika gazeti hili orodha ya blogu saba unazozipenda, za wenye biashara ndogo na za watu wanaotaka kujiendeleza, na ya kwanza kabisa uliweka «Anza na Kumi», ukasema mwandishi wake hana porojo, anafundisha kazi anayoifanya kwa mikono yake. Mama, mwandishi huyo ni mimi, na siku ulipoandika hayo banda langu lilikuwa tupu tangu mwezi wa kumi.

Nilianza kweli na kuku kumi, hapo sikudanganya, wakaongezeka mpaka mia mbili, na Léa, binti wa dada yangu, ndiye aliyenifungulia blogu kabla hajaolewa na kwenda Kinshasa, nikawa naandika kila Alhamisi mambo ya chakula na maji na chanjo, halafu watu walipoanza kunisifu nikaongeza na mambo ya kujiendeleza, jinsi ya kuamka mapema, jinsi ya kujiamini, jinsi ya kutimiza ulichojiahidi. Mwezi wa kumi nikaleta vifaranga vipya, na mimi mwenyewe nilishaandika mara tatu kwamba kuku wageni watengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji, lakini siku hiyo nilikuwa na haraka ya kumaliza makala, nikawaingiza wote pamoja, na makala yenyewe, Mama, ilikuwa ya nidhamu. Ndani ya siku tisa hakubaki hata mmoja. Nilichimba shimo nyuma ya nyumba peke yangu, tangu asubuhi hadi saa nane mchana, na Alhamisi iliyofuata nikaweka picha ya zamani nikaandika kama kawaida, nikijiambia ukweli nitausema wiki ijayo.

Sikuusema, na sababu ni Julienne. Huyu ni mjane anayeishi Mitwaba, mshonaji, alianza kusoma blogu yangu mwaka jana, na kila asubuhi ananitumia ujumbe wa sauti, ananiita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa nimemzidi umri, anasema, «Yaya, ulilamuka muzuri? Ulisha kula? Na kuku iko namna gani?» Mama, hakuna mtu mwingine duniani anayeniuliza nimeamkaje. Léa hupiga simu sikukuu, majirani walikuwa wanakuja kununua mayai na mayai yalipoisha hawakuja tena, wala siwalaumu, na kuna siku mdomo wangu unafunguka mara ya kwanza ninapomjibu Julienne tu. Basi siku moja akaniuliza, «Yaya, juu ya nini sisikie kuku?» yaani mbona hawasikiki, nami nikashtuka, nikatafuta video ya zamani kwenye simu ya marehemu mume wangu, na tangu hapo kila ninapotaka kumjibu naenda kukaa ndani ya banda, naiwasha ile simu nyuma yangu, kuku wanalia, nami naongea.

Sasa sikia balaa lenyewe. Jana ameniambia, «Yaya, mashini yangu ya kushona nitauzisha mercredi, nilisha kupata muntu. Samedi nakuya Lubumbashi na camion, nione kuku yako na macho, kisha na miye nianze na kumi.» Yaani Jumatano anauza, Jumamosi anapanda lori, na hiyo cherehani ndiyo inayomlisha yeye na mama yake mzazi. Nimejaribu mara nne kumwambia, naanza vizuri, halafu nasikia anavyocheka kwa furaha, nageuza mazungumzo, na nimefika mahali pa kufikiria kwenda kuazima kuku wa watu nijaze banda kwa siku moja, nikaona sasa nimeanza kuwa kichaa. Nikimwambia, nitampoteza na asubuhi zangu zitabaki kimya. Nisipomwambia, atauza mashini yake kwa ajili ya banda lisilo na kitu. Nifanye nini? Nambari yangu nimeiandika nyuma ya karatasi.

Constance, Karavia


Constance,

Barua yako ilinifikia Jumatatu, gazeti hili linatoka Ijumaa, na cherehani ilikuwa iuzwe Jumatano. Kungoja gazeti kungekuwa upumbavu, kwa hiyo nilikupigia, na wasomaji wajue kwamba haya yote nayaandika kwa ruhusa yako.

Uliitika kabla simu haijalia mara ya pili. Halafu nikasikia kuku. Kuku wengi, nyuma ya sauti yako, na wewe hukujua hata ni nani anayepiga. Nikakuuliza saa hizi unamdanganya nani, ukaniambia humdanganyi mtu, siku hizi ile video unaiwasha hata ukiwa peke yako. Mama weee. Nilikuwa nimejiandaa kukugombeza tangu asubuhi, ikabidi nivute kiti nikae kwanza.

Sasa nimeshakaa, nakugombeza. Miezi yote hiyo ulimwacha mwanamke maskini ajenge matumaini juu ya kuku waliokwishaoza, kwa sababu tu ulitaka kuamkiwa. Ninakuhurumia, tena sana, lakini upweke haukupi ruhusa ya kula cherehani ya mwenzako. Na yale mambo ya kuazima kuku, afadhali ulijishtukia mwenyewe, maana ningekuja kuwafungulia mlango watoke.

Mimi nami nina langu. Ile orodha niliiandika nikiwa ofisini na kikombe changu cha chai, sikupanda hata teksi kuja kuona banda ambalo haliko mbali na hapa. Nilisoma sentensi nzuri nikaamini kuna kuku. Wasomaji mlioikata orodha ile na kuibandika ukutani, chukueni kalamu mfute namba moja, na hizo sita zilizobaki nitazikagua moja moja kabla sijafungua tena mdomo kuzisifu. Nisameheni.

Jumanne ulimpigia Julienne, ukamwambia kama nilivyokuagiza, bila kuzunguka: kuku walikufa mwezi wa kumi, usiuze mashini. Unasema aliuliza, «Na ile sauti ya kuku?» Ukamweleza na hilo. Akasema, «Basi, sitauzisha,» akakata. Jumatano asubuhi hakutuma kitu, na leo Alhamisi hakutuma kitu, nawe umenipigia unalia kwamba ulijua itakuwa hivi. Lia, una haki. Lakini cherehani iko Mitwaba juu ya meza ya mwenyewe, inashona, na mama yake atakula wiki hii. Hilo ndilo lililokuwa la kuokoa, na umeliokoa wewe kwa mdomo wako.

Haya, kazi. Banda lifungue, lifagie, lipake chokaa, uliache lipumzike, na usinunue hata kifaranga kimoja kwa sababu ya aibu. Alhamisi ijayo andika kwenye blogu jinsi kuku walivyokufa, siku zote tisa, na shimo, na ile makala ya nidhamu. Mwenye biashara ndogo anahitaji kusoma hilo kuliko makala zako zote za kuamka mapema. Wako watakaokutukana, waache wamalize. Majirani wale wa mayai, nenda kwao bila yai lolote, uketi, uulize habari za watoto. Na Jumamosi, kwa kuwa mgeni wako hatakuja, nitakuja mimi. Usinipikie kuku.

Kuhusu Julienne sikupi ahadi yoyote. Akitaka kukunyamazia mwaka mzima, ni haki yake. Lakini yule mwanamke alikuamkia kila siku, hata siku zile ulizokuwa unamdanganya, na sasa ni zamu yako. Kesho asubuhi mtumie ujumbe. Usijieleze, usilie, usimwombe akujibu, na usiache kesho kutwa kwa sababu kesho hakujibu. Muulize kama ameamka vizuri, kama amekula, na mashini iko namna gani. Ile simu ya marehemu ifungie kabatini. Asikie sauti yako peke yake.

Mama Albertine