Vichwa Viwili vya Treni Yako, Baba

Baba,

Leo ni Jumapili mchana. Mama amelala, na mimi nimekaa kwenye kiti chako, humu kibandani mwa redio, Koboko. Usinikasirikie. Najua ulikataza mtu kukikalia, lakini wewe hukitumii tena.

Bahasha ya Injinia ilifika. Miezi yote ile uliniuliza kutoka kitandani, "Zubeda, posta wanasema nini?" Nami nasema bado, na wewe unakohoa na kugeukia ukuta. Ilifika Arua wiki tatu baada ya kukuzika. Yule mzee mzungu aliyekuja kujenga barabara hakukusahau, Baba. Alituma dikoda tatu, vibao vidogo kama ukucha wa kidole gumba, pamoja na kikasha cha kuziamuru. Nililia pale pale posta mpaka mama mmoja Mkongo akanishika bega, "Dada, kuna mutu amekufa?" Nikamwambia ndiyo.

Ni kweli kama ulivyosema. Injini mbili zinakaa kwenye reli moja, umeme ule ule mmoja, lakini kila moja ina dikoda tumboni na namba yake, na inasikia namba yake tu. Uliota hiyo tangu Injinia alipokuachia lile sanduku la treni za kuchezea. Wewe, mwanajeshi mzima wa redio, uliyekimbilia Zaire jeshi lenu liliposhindwa mwaka sabini na tisa, na bisibisi mbili mfukoni, unalala kifudifudi sakafuni na kupiga honi kwa mdomo! Mimi na ndugu yangu Hakim tulikucheka hadi mbavu zikauma. Na wewe unatuambia tunyamaze, sisi hatujapanda treni, wewe umepanda ile ya Pakwach.

Basi nikaifunga dikoda ya kwanza ndani ya injini. Nikafanya vile ulivyonifundisha kwa kila redio iliyopita humu: "Ardhi kwanza, maneno baadaye." Redio ishikwe na waya wa ardhi kwenye bodi ndipo iongee; hapa basi, upande mmoja wa mota uguse bodi ya chuma ya injini. Nikaweka umeme wa betri ya gari. Moshi, Baba! Moshi na harufu mbaya, na dikoda ikafa kabla injini haijatikisika. Ndipo nikasoma karatasi ya Injinia. Ndiyo, ningeisoma kwanza, nyamaza. Inasema mota isiguse bodi hata kidogo. Umeme wa reli uingie kwenye dikoda, na dikoda peke yake ndiyo iigawie mota. Sheria yako ya miaka yote, hapa ni sumu. Nilikukasirikia, halafu nikacheka peke yangu.

Mbili zilizobaki nilizifunga polepole. Nilikata plastiki kwenye kasha la kaseti, nikaiweka kati ya mota na bodi, nikapima kwa balbu ndogo. Ikiwaka, bado vinagusana mahali. Haikuwaka. Nikampa Hakim injini zote mbili azipeleke Arua zikapigwe picha, tumtumie Injinia aone.

Hapo ndipo nilipokosea.

Barabara ya Arua siku hizi inalipuka, mabomu yanafukiwa ndani yake. Ulipokufa ilikuwa minong'ono tu. Sasa watu wanapanda gari wakiwa wameshaagana na watoto. Kwenye kizuizi askari wakakuta nyaya na vibao kwenye mfuko wa Hakim. Nani angeamini neno treni, kutoka Koboko, ambako reli haijafika tangu dunia iumbwe? Kisha mmoja akamtambua: huyu ni mtoto wa yule mutu wa redio ya jeshi la zamani. Wakamweka siku sita.

Ijumaa wakaniita nikaonyeshe kwamba ni kitu cha kuchezea. Nilipanga reli juu ya meza ya mkubwa wao, nikaweka injini moja, nikaita namba yake, tatu, kwa kile kikasha. Ikaenda. Askari wakacheka, mmoja akapiga makofi, na mkubwa naye akacheka. Ningeishia hapo, Baba. Ningeishia hapo! Lakini ndoto yako ilikuwa hatua moja tu mbele yangu, na majivuno yakanishinda. Nikaweka na ya pili. Nikaita saba, tatu ikakaa kimya, saba ikaja. Nikaita tatu; saba ikangoja.

Mkubwa akaacha kucheka. Akainama mpaka macho yake yakawa sawa na reli. "Kwa hivyo zinaweza kuwa mingi kwa waya moja, na wewe unaita moja tu?" Nikajibu ndiyo, kama mjinga. "Na kama hapa si treni? Kama iko kitu ingine, ndani ya barabara?"

Nikaanza kukusanya reli. Akauliza kwa upole kazi hii imefanywa na nani. Ningeweza kukutaja wewe, marehemu hakamatwi. Lakini Hakim alikuwa amesimama mlangoni, jicho limevimba, na wangesema baba amemfundisha mwanawe. Nikasema ni mimi peke yangu, Hakim hajui hata kushika pasi ya kulehemu. "Basi yeye aende. Wewe Jumatatu urudi na vyombo yako. Utafundisha watu yangu." Akazifunga injini kwenye gazeti kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayefunga mayai, akanipa.

Jana Hakim alivuka mpaka kwenda kwa shangazi, kule Ariwara. Mama hawezi safari, na tukiondoka sote watamkuta yeye. Kwa hiyo nimebaki. Tangu asubuhi pikipiki imesimama mbele ya duka la jirani, na mwenyewe hanunui kitu.

Naogopa, Baba. Nimeogopa mpaka nimechoka.

Kabla ya kuanza barua hii nilizifungua injini zote mbili. Nikatoa plastiki. Nikafunga mota kwenye bodi kwa waya mfupi, nikalehemu vizuri ikang'aa, ungeisifu. Nikawasha. Tatu ilitoa moshi. Saba ilijitikisa mara moja kana kwamba inaondoka, ikanyamaza. Karatasi ya Injinia nimeitia jikoni ikaungua.

Nisamehe. Ulingoja zile dikoda mpaka pumzi ya mwisho, na mimi nimezichoma kwa mkono huu ulioufundisha.

Kwaheri, Baba. Mungu akupumzishe mahali pasipo na vizuizi. Kesho nitakwenda na injini ndani ya gazeti lile lile, na vyombo vyako. Wakiuliza kwa nini injini hazisikii, nitawaonyesha waya, niwaambie hivyo ndivyo baba yangu alivyonifundisha: ardhi kwanza. Maneno hawatayapata kwangu, nakuahidi, hata wafanye nini.

Kiti chako nimekifuta vumbi. Nikirudi sitakikalia tena.

Binti yako na fundi wako,
Zubeda